Kadi ya Mtandao Iamke Lini? Kusanidi Draiva za Mtandao Tunapojenga Keneli ya Linux



Mada hii inahusu sehemu ndogo ya usanidi wa keneli ya Linux: draiva za kadi za mtandao. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo kosa lake huuma kuliko mengine. Keneli isiyo na draiva ya sauti hukunyima sauti tu. Isiyo na draiva ya kadi ya mtandao hukunyima mashine nzima. Kama seva iko Sumbawanga na fundi yuko Dar es Salaam, na huko seva iliko hakuna anayejua kuchomeka kibodi na kusoma skrini, herufi moja iliyokosewa kwenye faili la .config hugeuka kuwa safari ya basi.

Mafunzo mengi huiweka kazi hii kama swali moja: ni kadi gani? Ukishaijua, itafute kwenye menyu, weka alama, jenga. Swali hilo ni la lazima, ila siku hizi lina majibu ya haraka. Swali ninalotaka tulitazame leo ni jingine: lini? Katika sekunde chache kati ya keneli kuanza kufanya kazi na mfumo kusimama wima, kadi inatakiwa iwe tayari wakati gani, na je, vile inavyovitegemea vitakuwa vimeshafika kabla yake? Sehemu kubwa ya kesi ambazo mafundi huziita “kadi haitambuliki” ni kesi za wakati. Kadi inatambulika vizuri kabisa, lakini kitu fulani kimechelewa, au kimewahi mno.

Kuitambua kadi

Nianze na lile jepesi. Jina lililochapwa kwenye boksi halina maana kwa keneli. Keneli husoma namba mbili zilizomo kwenye kadi yenyewe, kila moja ikiwa na tarakimu nne za heksadesimali: namba ya mtengenezaji wa chipu na namba ya chipu. 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Amri ya lspci -nnk huonyesha namba hizo, na chini yake jina la draiva inayoihudumia kadi kwa sasa. Ukikuta 10ec:8168, hiyo ni Realtek ya gigabiti moja; draiva yake ni r8169, na chaguo lake kwenye usanidi ni CONFIG_R8169. Kadi ya 10ec:8125, ya gigabiti mbili na nusu, huhudumiwa na draiva hiyo hiyo, lakini kuanzia toleo la 5.4 la mwaka 2019. Anayejenga keneli ya zamani kuliko hiyo kwa ajili ya ubao mpya ataweka alama mahali sahihi kabisa na bado atakosa mtandao.

Ndani ya make menuconfig, bonyeza alama ya mkwaju na uandike R8169. Utaonyeshwa chaguo liko wapi, linategemea nini, na lipi kati ya hayo halijatimia. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012, draiva za Ethernet zimepangwa kwa watengenezaji, hivyo kwanza utakutana na maswali kama CONFIG_NET_VENDOR_REALTEK. Swali hilo halijengi chochote. Ukilijibu ndiyo, maswali ya draiva za Realtek yanaonekana; ukilijibu hapana, yanafichwa. Kuna wanaoliwekea alama hilo peke yake na kudhani wamemaliza.

Namba hizi zina mtego mmoja ambao kila fundi wa mashine za zamani anapaswa kuujua. Realtek 8139 ni miongoni mwa kadi za megabiti 100 zilizosambaa zaidi duniani, kwa sababu ya bei yake. Ilikuwa rahisi kwa kuwa kazi nyingi iliiachia prosesa. Ina nafasi nne tu za kutuma pakiti, na pakiti zinazoingia huzimwaga zote kwenye eneo moja la kumbukumbu, kisha draiva inazinakili moja moja kuzipeleka panapohusika. Bill Paul, aliyeandika draiva yake kwa ajili ya FreeBSD, aliacha ndani ya msimbo maelezo marefu ya kulalamikia muundo huo, na malalamiko yake ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini kadi mbili za kasi moja hazilingani. Baadaye Realtek walitoa 8139C+, yenye muundo bora zaidi, lakini wakaiachia namba ile ile ya 10ec:8139. Kinachozitofautisha ni namba ya rivisheni: kuanzia 0x20 ni C+.

Kwa hiyo Linux ina draiva mbili kwa namba moja: 8139too kwa chipu ya kwanza na 8139cp kwa ile ya C+. Ukijenga moja tu, na si yenyewe, draiva itaamka, itaitazama kadi, itaikataa, na kuandika kwenye dmesg kwamba utumie ile nyingine. Watu hawasomi dmesg. Wanaona lspci inataja 8139, wanaona draiva ya 8139 imejengwa, wanahitimisha kadi imeungua. Jambo hili halijaisha na kadi za zamani: kadi ya rtl8139 inayoigizwa na QEMU ni ya C+, na hivyo inahitaji 8139cp. Ushauri wangu ni kuzijenga zote mbili kama moduli.

Herufi y na herufi m

Machaguo mengi ya draiva yana majibu matatu. n ni kuiacha. y ni kuiweka ndani ya keneli yenyewe. m ni kuijenga kama moduli, faili linalokaa chini ya /lib/modules na kupakiwa linapohitajika. Maelezo ya kawaida husema y hula kumbukumbu na m huokoa kumbukumbu. Kwa seva ya leo hilo halina uzito. Tofauti yenye uzito ni mpangilio wa matukio.

Tuufuate mpangilio wenyewe. Programu ya kuwashia, mara nyingi GRUB, huweka kwenye kumbukumbu keneli na faili la initramfs. Keneli inaanza, inaandaa kumbukumbu na prosesa, inafungua initramfs, kisha inaziamsha draiva zake za ndani moja baada ya nyingine. Katika hatua hii diski haijafunguliwa. Baada ya hapo programu ya kwanza iliyomo kwenye initramfs inapakia moduli zinazohitajika ili kuifikia diski, inafungua mfumo mkuu wa mafaili, na kuukabidhi uendeshaji. Ndipo udev inapopita kwenye vifaa vyote, kulinganisha namba zao na orodha iliyomo kwenye modules.alias, na kupakia moduli zilizobaki.

Draiva ya y huamka mapema katika safu hiyo. Draiva ya m huamka pale faili lake linapoweza kusomwa, si kabla. Kwa seva ya kawaida yenye diski yake, m inatosha na ina faida: kadi ikigoma unaweza kuiondoa moduli kwa modprobe -r na kuirudisha bila kuwasha mashine upya, na unaweza kubadilisha vigezo vyake bila kujenga keneli tena. Mimi huanza na m, na kwenda kwenye y pale tu ninapoweza kusema kwa sentensi moja kwa nini kadi lazima iwahi.

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni kompyuta isiyo na diski. Shule au chuo chenye maabara ya mashine za zamani kinaweza kuziwasha zote kutoka kwenye seva moja, mfumo mkuu wa mafaili ukitoka kwenye NFS. Hapo kadi ya mtandao ndiyo njia ya kuifikia “diski”. Kama hutumii initramfs, kila kitu kwenye njia hiyo lazima kiwe y: draiva ya kadi, CONFIG_IP_PNP, CONFIG_IP_PNP_DHCP, CONFIG_NFS_FS na CONFIG_ROOT_NFS. Hili la mwisho huwasumbua wengi kwa sababu halionekani kwenye menyu mpaka NFS_FS iwe y. Ukiiweka NFS_FS kama m, ROOT_NFS inatoweka kimya kimya, bila onyo lolote.

Na njia yenyewe inaweza kuwa ndefu kuliko unavyodhani. Kwenye Raspberry Pi ya kwanza, ya mwaka 2012, tundu la Ethernet halikuunganishwa moja kwa moja na prosesa. Lilipitia USB, kwa chipu inayohudumiwa na draiva ya smsc95xx. Ukitaka kuiwasha Pi hiyo kutoka kwenye NFS bila initramfs, haitoshi kuiweka smsc95xx kuwa y. Inabidi usbnet iwe y, kidhibiti cha USB kiwe y, na USB yenyewe iwe y. Kiungo kimoja kikiwa m, moduli yake iko kwenye mfumo wa mafaili ambao hauwezi kufikiwa bila moduli hiyo. Kuku na yai. Kwenye Pi 4 mambo yamebadilika: Ethernet imetoka kwenye USB na kuhudumiwa na bcmgenet. Faili la .config la mashine moja halihamishiki tu kwenda nyingine kwa kuwa zote zinaitwa Pi.

Kuna matokeo mengine ya wakati ambayo hayazimi mtandao, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Mashine yenye kadi mbili, moja ikitazama intaneti na nyingine ikitazama ofisi, kijadi ilizipa majina eth0 na eth1 kwa kufuata ipi imeamka kwanza. Ukiihamisha draiva moja kutoka m kwenda y, inawahi, na majina yanabadilishana. Kanuni za ukuta wa kinga zilizoandikwa kwa jina la eth0 sasa zinalinda upande usiohusika. Kuanzia toleo la 197 la systemd, Januari 2013, majina kama enp3s0 hutolewa kwa kufuata mahali kadi ilipochomekwa, na tatizo hili limepungua sana. Lakini bado wapo wanaoweka net.ifnames=0 ili warudi kwenye majina mafupi. Anayefanya hivyo kwenye ruta yenye kadi mbili na kisha akajenga keneli yake mwenyewe anapaswa kuhakikisha majina yamefungwa kwenye anwani za MAC, asiyaachie mpangilio wa kuamka.

Vile kadi inavyovitegemea

Draiva ya kadi haiishi peke yake. Kadi ya Ethernet ina sehemu mbili: ile inayopanga pakiti, na ile inayoshughulika na umeme wa kwenye waya, iitwayo PHY. Linux ina draiva za sehemu hizo mbili kwa kutengana. Kwenye Realtek ya gigabiti, ya kwanza ni r8169, ya pili iko kwenye moduli iitwayo realtek. Usanidi wa Kconfig unajua hilo: ukichagua r8169, nyingine inachaguliwa yenyewe. Mtu angetarajia hadithi iishie hapo.

Haikuishia hapo, kwa sababu Kconfig inahakikisha moduli imejengwa. Haihakikishi imefika kwa wakati. Mwaka 2019 watumiaji wengi walioboresha keneli zao walikuta kadi za Realtek hazifanyi kazi. Initramfs zao zilikuwa na r8169 ndani, lakini moduli ya realtek ilibaki kwenye diski. Draiva ikaamka mapema, ikatafuta mwenzake, ikamkosa, na kuichukua draiva ya jumla ya PHY, ambayo haijui mahitaji ya chipu hizo. Hatimaye waandishi wa r8169 waliweka ndani yake ujumbe wa kumwambia mtumiaji waziwazi kwamba huenda realtek.ko inatakiwa kuongezwa kwenye initramfs. Kwa kila mashine ninayoijengea keneli mimi hufungua initramfs kwa lsinitramfs, au lsinitrd kwa wanaotumia Fedora, na kutafuta majina yote mawili.

Wale wa FreeBSD watalitambua jambo hili. Wengi wetu katika ukanda huu tuliigusa FreeBSD kupitia warsha za AfNOG, za wahandisi wa mitandao wa Afrika, zilizoanza mwaka 2000 na kuitumia kufundishia kwa miaka mingi. Kwenye faili la GENERIC, mstari wa device miibus ndio unaobeba PHY za kadi nyingi. Ukiufuta kwa nia ya kupunguza ukubwa wa keneli huku ukibaki na device re (draiva ya Realtek), keneli haitajengeka. FreeBSD inalikamata kosa hilo wakati wa kujenga. Linux iliyogawanywa kwa moduli inaweza kulipitisha hadi siku ya kuwasha, na ndiyo maana nasisitiza ukaguzi wa mkono.

Kitegemezi kingine ni famuwea, programu ambayo draiva huipeleka ndani ya kadi kabla kadi haijaanza kazi. Kadi za Wi-Fi za Intel, zinazohudumiwa na iwlwifi, hazifanyi lolote bila hiyo. Baadhi ya Realtek za waya hufanya kazi bila famuwea lakini kwa mapungufu, jambo ambalo ni baya kuliko kugoma kabisa, maana linaonekana kama tatizo la waya. Ukiona kwenye dmesg jina linaloanza na rtl_nic na mwishoni -2, maana yake faili halikupatikana.

Tazama tena saa. Ukiiweka iwlwifi kuwa y, itadai famuwea wakati diski haijafunguliwa. Faili liko salama kwenye /lib/firmware, lakini /lib/firmware bado haipo machoni pa keneli. Una njia tatu: irudishe draiva kuwa m, ambayo ndiyo njia safi, weka famuwea ndani ya initramfs, au itaje kwenye CONFIG_EXTRA_FIRMWARE ili ishonwe ndani ya keneli yenyewe. Njia ya tatu inafaa kwa mashine zako mwenyewe. Usiisambaze keneli hiyo kwa wengine kabla ya kuangalia leseni, kwa sababu famuwea nyingi haziko chini ya GPL, na maelezo ya chaguo hilo yanaonya kuhusu jambo hilo. Suala la leseni ndilo lililofanya kwa miaka mingi diski za kusakinishia Debian zisiwe na famuwea hizo. Wasanidi wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zimo.

Mwaka 2008: chaguo la mbali lililoharibu kadi

Nataka nikae kidogo kwenye tukio moja, kwa sababu linaonyesha kwamba orodha ya draiva za mtandao si mahali pekee pa kuangalia.

Kati ya Agosti na Septemba 2008, waliokuwa wakijaribu toleo la 2.6.27 kabla halijatolewa rasmi walianza kuripoti kwamba kadi zao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zimekufa. Hazikugoma kwa muda. Kumbukumbu ya kudumu ya kadi, inayotunza anwani ya MAC na mipangilio, ilikuwa imefutwa au kuvurugwa. Kurudi kwenye keneli ya zamani hakukusaidia. Watengenezaji wa mifumo kadhaa ya Linux walisimamisha majaribio au kuiondoa draiva hiyo. Shutuma ziliiangukia e1000e yenyewe, na wengine walishuku hata programu ya michoro.

Draiva haikuwa na hatia. Chanzo kilikuwa chaguo la usanidi lililo mbali kabisa na menyu ya mtandao: CONFIG_DYNAMIC_FTRACE, chombo cha kufuatilia mwenendo wa keneli. Chombo hicho kiliandika orodha ya anwani za kumbukumbu ambako kingerudi baadaye kurekebisha msimbo. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa ndani ya sehemu za moduli zinazotumika mara moja tu wakati wa kuanza, kisha hutupwa ili kuokoa kumbukumbu. Zikishatupwa, anwani zile zile ziliweza kupewa kazi nyingine, na kati ya kazi hizo ilikuwa kuwakilisha kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya mtandao. Chombo kiliporudi, kilitumia amri ya prosesa inayolinganisha kilichopo na kinachotarajiwa, na kubadilisha pale vinapofanana. Havikufanana. Lakini amri hiyo, hata isipobadilisha, huandika upya kile ilichokikuta. Kwenye kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara. Kwenye anwani ya kifaa, kuandika ni kutoa amri, na kadi ilizitii amri hizo.

Toleo la 2.6.27 lilipotoka Oktoba 2008, draiva ilikuwa imeongezewa ulinzi wa kuzuia kumbukumbu hiyo isiandikwe ovyo, na toleo la marekebisho la 2.6.27.1 likalizuia chaguo la DYNAMIC_FTRACE hadi litengenezwe upya. Anwani iliyokuwa sahihi dakika moja ilitumiwa dakika nyingine, ilipokuwa na mmiliki mpya. Ninachokichukua kutoka hapo kwa kazi zetu ni kanuni moja: unapojaribu keneli mpya kwenye mashine ya maana, badilisha draiva leo na vyombo vya ufuatiliaji siku nyingine. Ukibadilisha vyote pamoja, hutajua wa kumlaumu.

Kurithi faili la .config

Wachache wetu huanza kutoka sifuri. Tunachukua .config iliyokuwepo na kuendesha make olddefconfig, ambayo huyajibu maswali yote mapya kwa majibu ya kawaida bila kutuuliza. Kwa draiva mpya, jibu la kawaida kwa kawaida ni n. Mwaka huohuo wa 2008 ndivyo wengi walivyopoteza mtandao kwa njia nyingine: e1000e iliingia kwenye toleo la 2.6.24, na kadi za Intel za PCI Express zikahamishwa kutoka e1000 kwenda huko. Aliyekuwa na CONFIG_E1000 peke yake alibaki na draiva iliyoacha kuihudumia kadi yake. Kabla ya olddefconfig, endesha make listnewconfig usome kilichoongezeka. Ni dakika chache.

Amri ya make localmodconfig, iliyokuja na toleo la 2.6.32, hupunguza usanidi kwa kubakiza moduli zilizopakiwa sasa hivi tu. Inaokoa saa nyingi za kujenga kwenye mashine dhaifu, na ninaipenda. Lakini “sasa hivi” ndiyo tatizo lake. Chukua ofisi inayotumia modemu ya USB ya kampuni ya simu kama njia ya akiba. Modemu hiyo ikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu ya Windows, usb_modeswitch huigeuza, ndipo inapoonekana ama kama milango ya serial ya draiva ya option, ikihitaji PPP juu yake, ama kama kadi ya mtandao ya cdc_ether, qmi_wwan au huawei_cdc_ncm. Vipande hivyo viko kwenye kona tofauti za menyu. Kama modemu ilikuwa kwenye droo siku ya localmodconfig, vyote vinafutwa, na utajua siku laini kuu itakapokatika. Chomeka kila kitu, unganisha kweli, pitisha pakiti, kisha endesha amri. Unaweza pia kuendesha lsmod kwenye mashine lengwa, ukahifadhi matokeo kwenye faili, na kulitaja faili hilo kwa LSMOD= kwenye mashine yenye nguvu unayojengea.

Kwa mashine pepe ndani ya seva nyingine, orodha ni fupi: VIRTIO_NET pamoja na VIRTIO_PCI kwa KVM, hv_netvsc kwa Hyper-V, ena kwa Amazon. Ziweke zote kama m hata kama hujafika huko.

Kujaribu keneli iliyo mbali

Nimalizie na utaratibu ninaoutumia kwa mashine nisiyoweza kuigusa.

Ipe keneli mpya jina lake kupitia CONFIG_LOCALVERSION, ili moduli zake zikae kwenye saraka yake na zisichanganyike na za zamani. Washa CONFIG_IKCONFIG_PROC, ili /proc/config.gz ikuambie siku yoyote keneli inayoendeshwa ilijengwa vipi. Baada ya make modules_install na make install, kagua initramfs kama nilivyoeleza. Kisha weka GRUB_DEFAULT=saved, na uiteue keneli mpya kwa grub-reboot, ambayo huiwasha mara moja tu; ukiwasha tena, ya zamani inarudi.

Hapa kuna jambo la kuangalia mapema. Ili “mara moja tu” ifanye kazi, GRUB lazima iweze kuandika kwenye faili lake la grubenv. Kama /boot iko ndani ya LVM au Btrfs, kwa kawaida haiwezi. Uteuzi haufutiki, na mashine itaendelea kuiwasha keneli ile ile mbovu hata ukiizima mara ishirini. Tenga /boot ya kawaida, ya ext4, kwa mashine za mbali.

Kigezo cha panic=30 huiwasha mashine upya sekunde 30 baada ya keneli kuanguka. Lakini keneli iliyokosa kadi ya mtandao haianguki. Inasimama vizuri kabisa, yenye afya, isiyofikika. Kwa hiyo ongeza kazi ndogo ya systemd inayosubiri dakika kumi, inapiga ping lango la mtandao, na kuiwasha mashine upya kama halijibu. Pamoja na grub-reboot, hiyo inakurudishia keneli ya zamani bila kumsumbua mtu. Ukitaka kuona ujumbe wa keneli kutoka mbali, netconsole huutuma kwa UDP, kwa kawaida kwenye mlango wa 6666 wa mashine nyingine. Nayo huanza kusema pale tu kadi inapoamka, hivyo kwa siku za majaribio ni sababu nzuri ya kuiweka draiva kuwa y.

Ikiwaka na kujibu, usiishie kwenye ping. Tazama ethtool -i uone draiva ndiyo uliyoikusudia. Pitisha faili kubwa, kisha tazama ip -s link uone kama makosa yanaongezeka. Soma dmesg kutafuta famuwea iliyokosekana.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Baadhi ya kadi hubaki na famuwea na hali zao ndani ya chipu mashine inapowashwa upya bila umeme kukatwa, hivyo keneli isiyo na famuwea inaweza kufaulu leo kwa kurithi kazi ya keneli iliyotangulia. Teua keneli mpya tena kwa grub-reboot, izime mashine, na umwombe mtu aliye karibu nayo achomoe waya wa umeme wa seva na wa swichi, asubiri dakika mbili, arudishe vyote kwa pamoja. Swichi nyingi huchukua muda mrefu kuwa tayari kuliko seva, na hapo ndipo utakapoona kama usanidi wako wa DHCP unasubiri vya kutosha au unakata tamaa mapema, kama itakavyotokea usiku wowote umeme ukikatika. Ikijibu baada ya hapo, endesha grub-set-default, nakili .config mahali nje ya mashine hiyo, na iache keneli ya zamani ibaki kwenye menyu mpaka ujenge nyingine.